Siku za Kuzima Mota

Mume wangu alikuwa na mazoea ya kuushika mhimili wa mota kila asubuhi kabla ya kuiwasha. Aliushika kwa vidole vitatu, akauzungusha taratibu mara mbili tatu huku ameinamisha kichwa, halafu akausukuma kushoto na kulia kuona kama unacheza. Akiridhika, ndipo alipokwenda kwenye swichi. Mimi niliona ni mikogo ya mafundi. Nilikuwa na binti watatu wa kuosha, ndizi za kumenya na kuni zilizolowa, na mtu mzima yuko karakanani anabembeleza chuma. Nilimwambia hivyo, tena si mara moja. Alinijibu kwamba kasoro ya beringi hujulikana vidoleni kabla haijafika masikioni, akaendelea kubembeleza.

Mota ilikaa chini ya meza nzito ya chuma. Mhimili ulitokeza juu katikati ya meza, umeshika kisu kinachozunguka kwa kasi, na ubao ukisukumwa mezani ulitoka upande wa pili una mfereji au urembo wa pembeni. Fremu za milango, madirisha, mbao za dari zile zinazoumana, vyote vilipita hapo. Mashine aliinunua kwenye karakana moja ya mjini Bukoba iliyofungwa, miaka michache kabla ya vita, akaileta kwetu Nshambya na kuijengea banda la bati. Banda lile aliliegemeza kwenye nyumba, ukuta mmoja na chumba chetu cha kulala. Nililalamika kuhusu kelele. Sikujua kwamba ipo siku ukuta ule ungekuwa njia yetu ya kuzungumza.

Vita vilipokuja, tulikimbilia Buganguzi, huko Muleba nilikozaliwa. Mimi nilikusanya watoto na sufuria. Yeye alifungua bolti za mota. Milio ya mizinga inasikika kutoka upande wa mtoni, majirani wanapita barabarani na magodoro vichwani, na mume wangu amelala chali chini ya meza na spana mkononi. Alipoitoa aliizungushia blanketi, lile moja zuri tulilokuwa nalo, la sufi, la kahawia. Juu ya blanketi akafunga majani ya mgomba, akaitia kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe lililokuwa nyuma ya nyumba, akafukia. Nilimuuliza watoto watajifunika nini. Akasema kwetu Buganguzi hakukosi blanketi.

Kwetu kulikosa blanketi. Nyumba ya wazazi wangu ilijaa wakimbizi wa ukoo mzima, tukalala juu ya nyasi tulizotandika sakafuni, binti zangu wakitetemeka na mimi nikiliwaza blanketi langu lililolala Nshambya likikipasha joto chuma. Nilimkasirikia mume wangu kwa miezi yote ile. Nasema kweli, nilikuwa na hasira na blanketi kuliko na vita.

Tuliporudi hatukukuta mlango wala kitanda wala nusu ya mabati ya banda. Meza ya mashine ilikuwepo kwa sababu ya uzito wake. Mota ilikuwepo shimoni, imekunywa maji. Mume wangu aliifungua, akanionyesha koili zilizogeuka kijani, na beringi zilizokataa kuzunguka. Akanieleza, kama vile nilimuuliza, kwamba hakuna bomu lililoigusa mota ile. Kilichoiua ni kukaa tuli kwenye unyevu. Maji yameingia kwenye waya, na gololi za beringi zimekaa mahali pamoja siku zote hizo mpaka zimejichimbia vijishimo vya kutu. Alitafuta waya, akaisuka upya koili moja baada ya nyingine, akaitundika juu ya jiko langu ikauke. Nilipika chini ya mota wiki nzima. Na tangu siku hiyo, kila ilipopata moto, ilitoa harufu ya ndizi mbivu. Yeye alisema ni vanishi. Mimi ndizi mbivu nazijua.

Blanketi nililifua mara nne. Nalo halikuacha kunukia.

Baada ya vita hatukupata raha ndefu. Ule ugonjwa ulianza kusikika kwa watu wa mpakani, baadaye kwa watu wa mjini, kisha ukawa kwa mtu unayemjua, halafu kwa mtu wa nyumba ya pili. Siku za mwanzo ulipewa majina mengi, mengine ya mzaha, mpaka mizaha ikaisha na majina yakaachwa. Tukawa tunasema tu "ameumwa", na aliyesikia alielewa.

Kwetu kukiwa na maiti jirani, watu hawalimi. Kuni hazipasuliwi, hatwangi mtu, na chombo chochote cha kelele kinanyamaza hadi mazishi yapite na siku za matanga ziishe. Hilo halikuandikwa popote na hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Zamani lilikuwa jambo jepesi, maana misiba ilikuwa ya nadra na watu walikufa wazee. Mashine yetu ilipowekwa Nshambya, aliyejipa kazi ya kutuarifu alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani na kuoa kwetu. Aliuza samaki. Alivuka hadi visiwani Muleba kununua sangara na dagaa kwa wavuvi wanaotoka kila pembe, akarudi na makapu na habari. Alikuja kwenye uzio, akashika nguzo, akangoja ubao ulio mezani umalizike, kisha akasema, "Jirani, zimeni. Kuna msiba."

Mume wangu alizima. Alisubiri kisu kisimame, akachukua koti, akaenda msibani.

Miaka ikaenda, na yule mama akawa anakuja uzioni kila mwezi, baadaye kila wiki. Ikafika mahali tunamwona anatokea na mume wangu anazima kabla hajafungua mdomo. Tulitoka matanga haya tukaingia mengine. Kulikuwa na majuma mazima mashine haikuguswa, na mvua za Bukoba unazijua, hazina mpango wa kukoma. Niliona namna mume wangu alivyokuwa akirudi kutoka mazishini, kabla hata ya kuvua viatu, akaingia bandani na kuushika mhimili kwa vidole vyake vitatu. Alianza kuwasha balbu ndogo chini ya mota na kuifunika kwa gunia, ili lile joto kidogo liyafukuze maji. Alisema vita viliizika mota mara moja tu, lakini hii misiba inaizika kidogo kidogo. Nilimwambia aache kusema maneno ya namna hiyo wakati watu wanazika watu. Aliniomba radhi. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka, na mjini na vijijini sidhani kama kulikuwa na mtu ambaye hakuwa amechoka.

Kisha akaanza kukonda yeye.

Sitaeleza ugonjwa wake. Walioupitia wanaujua, na wasioupitia sitaki wautazame kupitia kwake. Nitasema tu kwamba siku alipoanguka kwenye meza ya mashine nilimbeba mwenyewe mpaka kitandani, na hakuwa mzito.

Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa kibanja hichohicho, shamba la migomba la baba yao. Si mtu mbaya. Alituletea maziwa ya ng'ombe wake muda wote wa ugonjwa, na alikuwa wa kwanza kumgeuza mdogo wake kitandani. Lakini alikuwa mtu wa kusema mambo mapema. Siku moja alikaa pembeni ya kitanda, mama yao yuko mlangoni, akasema kwamba kukitokea la kutokea, kibanja ni cha ukoo na kitabaki cha ukoo, nami nitapewa pa kukaa na wanangu. Ila mashine lazima ichukuliwe na kuuzwa kwa mtu anayeiweza. Mwanamke mwenye mabinti watupu ataifanyia nini? Itaoza bandani. Alisema bila chuki, kama mtu anayezungumzia mbegu zisiharibike.

Mume wangu alijiinua kwenye mto. Halafu akasema, "Siku ya kuondoa matanga yangu, mje nyote bandani. Kama mke wangu ameishika mota na inazunguka, mashine ni yake na ya wanangu. Kama imekufa, ichukueni."

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisema, "Nimesikia." Shemeji akasema haya. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji na nilitaka kumtupia mtu fulani, ila sikujua nimtupie nani kati yao. Nilijua kupika, kulima, kushona kidogo. Kuhusu mota nilijua kwamba inanukia ndizi.

Ndivyo nilivyoanza kujifunza ufundi nikiwa na umri wa kuozesha. Asubuhi nilimwosha, nikamlisha, nikaegemeza mto ukutani upande wa banda, nikampa mkongojo wake. Mimi nikaingia bandani. Tulikubaliana kwamba akigonga ukuta mara moja, nizime papo hapo. Akigonga mara mbili, niendelee. Alisikia kila kitu kupitia ukuta ule. Siku mota iliponguruma bila kuanza kuzunguka, aligonga kabla sijatambua kuna tatizo, na nilipokwenda kumwuliza akasema mota inayonguruma imesimama inajichoma yenyewe, nizime nitazame kwanza kapasita, kile kikopo kinachoisukuma ianze. Ilikuwa imevimba kama andazi. Siku nyingine aligonga, akaniambia kipepeo cha kupooza kimezibwa na vumbi la mbao. Nikachukua pampu ya baiskeli, nikapuliza, likatoka vumbi la kujaza karai. Alinifundisha kuweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake juu ya kifuniko cha beringi, ili nisikie kilichomo ndani. Beringi nzima inavuma kwa sauti moja. Iliyochoka inakwaruza.

Yetu ilikwaruza.

Dawa ilikuwa grisi, na grisi haikuwepo. Miaka ile ulitafuta sabuni, ukatafuta chumvi, sembuse grisi. Mimi sikutaka kumsumbua, alikuwa na siku mbaya, hivyo nikajipa akili. Nyumbani kulikuwa na samli ya mama mkwe, samli safi, ile tunayompaka mtoto mchanga na kuungia maharage. Nikafikiri, kitu kinachoteleza ni kitu kinachoteleza. Nikafungua kifuniko, nikapaka samli, nikafunga. Mota ikavuma vizuri ajabu. Nilijiona fundi. Siku ya pili kukawa na msiba, tukazima, na katika siku zile za kimya panya wote wa Nshambya wakaja kula samli. Walipoimaliza wakaonja na ngozi za nyaya. Nilipowasha, ilipiga cheche na fyuzi ikakatika, na bandani kukanuka kama mtu amekaanga kitunguu.

Nilikwenda kumwambia nikiwa tayari nalia. Alinitazama. Akaniuliza ni samli ya nani. Nikasema ya mama yake. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamwinua akae, na alipopata pumzi akacheka tena. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka, na nashukuru kwamba ni mimi niliyemchekesha, ingawa wakati ule niliona aibu ya kufa.

Nyaya tulizifunga upya kwa utepe. Lakini beringi zilikuwa zimekwisha, akaniambia ukweli. Hata grisi ya kweli isingezisaidia tena. Zilihitajika mpya, mbili, za namba iliyochongwa ubavuni mwa zile kuukuu. Nilizunguka mjini siku tatu na kile kijikaratasi chenye namba. Hakuna aliyekuwa nazo.

Aliyezipata ni jirani wa samaki. Nilimsimulia uzioni bila tumaini lolote, maana nilihitaji mtu wa kumsimulia. Alichukua namba, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake, akaondoka kwenda visiwani. Wavuvi wa kule wana injini za mitumbwi, na penye injini pana fundi, na fundi ana kopo la vipuri. Alirudi baada ya wiki na beringi mbili ndani ya kifuko cha dagaa, moja mpya kabisa, nyingine iliyotumika kidogo lakini nzuri, pamoja na grisi kwenye kopo la maziwa. Nilipomshukuru akaniambia kwa utani kwamba hanipi bure, siku moja nitamtengenezea mlango wenye maua. Niliona mkono wake juu ya nguzo, umebaki mifupa. Nilijua. Naye aliona kwamba nimejua, akaniuliza kama dagaa watanitosha.

Kuziingiza zile beringi ilikuwa kazi ya siku mbili. Aliniambia nizichemshe kwenye mafuta ili zitanuke kidogo, nikatumia sufuria ya maharage. Nikaisukuma ya kwanza kwenye mhimili, ikaenda nusu, ikagoma. Nikashika nyundo. Nilipiga mara mbili na ukuta ukagongwa. Nikaenda. Akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie mdomo wake, kwamba ninapiga bangili ya nje ya beringi, na ninapofanya hivyo ninazitia gololi makovu kabla hazijaanza kazi. Nitafute kipande cha bomba kinachokaa juu ya bangili ya ndani peke yake, nigonge juu ya bomba, polepole, kwa kuzunguka. Alijua hayo yote kwa mlio wa nyundo. Nikafanya. Ikaingia. Grisi akasema theluthi tu, nisijaze, ikijaa inachemka.

Niliwasha jioni ya siku ya pili, jua bado liko juu ya migomba. Mota ilivuma kwa sauti moja. Nikangoja ukuta. Ukagongwa mara mbili.

Alikufa siku nne baadaye.

Mvua ilikuwa ya masika. Watu walijaa, wakatandika nyasi, wanaume wakakaa nje kwenye moto, na tukamzika kwenye kibanja cha baba yake, si mbali na lile shimo la ndizi. Bandani kulikuwa kimya. Ilikuwa ni mara ya kwanza mashine ile kuzimwa kwa ajili yake yeye. Nilikaa ndani pamoja na wanawake, na nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Katikati ya kilio, pamoja na uchungu wote niliokuwa nao, nilikuwa nikiwaza unyevu. Nilijichukia. Kisha nikamkasirikia yeye, kwamba amenifundisha kitu kimoja tu cha kunibakiza hapa, akafa wakati wa mvua.

Nilikuwa nimeiacha balbu ikiwaka chini ya gunia. Siku ya pili umeme ukakatika. Kuwasha moto bandani kwenye vumbi lile la mbao ni kuchoma nyumba. Basi alfajiri ya siku ya tatu, kabla waombolezaji hawajaamka, niliingia chumbani nikachukua lile blanketi la kahawia. Alijifunika nalo mwenyewe mwezi wake wa mwisho. Nilikuwa nimelitandaza ukutani lipate hewa. Nikalipeleka bandani, nikalizungusha kwenye mota mara mbili, nikalifunga kwa kamba ya mgomba, sawasawa na alivyofanya siku ile tulipokimbia. Kabla ya kufunga niliushika mhimili kwa vidole vitatu. Nikauzungusha taratibu. Haukutoa sauti yoyote, na kwa kuwa haukutoa sauti, sikuwa nimevunja mwiko wa mtu.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisimama kwa muda gani. Nilidhani ataniuliza ninafanya nini kwenye mashine wakati mwanawe hajatimiza wiki kaburini. Alitazama blanketi, akatazama mkono wangu, akarudi ndani. Kila alfajiri nilirudi nikazungusha, ili gololi zisilale mahali pamoja. Kila alfajiri nilisikia nyayo zake nje ya banda, zikingoja mpaka nitoke.

Siku ya kuondoa matanga, baada ya maneno ya ukoo kwisha, shemeji alisimama akasema twendeni bandani kama marehemu alivyosema. Wakaja, wazee watano au sita, na shemeji, na mama mkwe. Umeme ulikuwa umerudi. Nilifungua blanketi, nikapuliza vumbi, nikatazama waya. Nilifanya yote polepole. Niliushika mhimili, nikausukuma kushoto na kulia. Haukucheza. Nikaenda kwenye swichi. Niliwaza binti zangu watatu waliokaa nje na nguo zao za msiba, na nikaweka kidole.

Kilio kikapanda kutoka ng'ambo ya uzio.

Hakikuwa kilio cha mbali. Kilitoka kwenye nyumba ya jirani yangu wa samaki. Nilitazama uzioni kwa mazoea, nikamtafuta yeye aje aseme tuzime. Nguzo ilikuwa tupu. Ndipo nilipoelewa ni nani anayeliliwa.

Niliondoa kidole.

Wazee walivua kofia. Kisha shemeji, kwa upole, maana nimesema si mtu mbaya, alisema kwamba tumekuja kuona mota ikifanya kazi na hatujaiona, na leo haiwezi kuwashwa, wala kesho, na wengine wametoka mbali hawawezi kurudi. Alisema labda ni Mungu ameamua. Nilisimama pale nikimfikiria yule mama akifunga namba ya beringi kwenye ncha ya kanga, na nikaona kama wakitaka kuichukua waichukue, mradi waniache niende nikalie.

Mama mkwe alipita kati ya wazee. Alifika kwenye meza, akanyoosha mkono, akaushika mhimili kwa vidole vitatu. Sijui kama alijifunza kwa mwanawe au kwangu. Aliuzungusha mara moja kwa nguvu akauachia. Ukazunguka wenyewe, ukazunguka, ukapungua taratibu, ukasimama, na muda wote ule hapakusikika hata mkwaruzo. Wazee wote walikuwa wakiutazama. Mama mkwe akamgeukia mwanawe mkubwa.

"Inazunguka," alisema. "Mashine isitoke hapa."

Shemeji alitazama chini, akaitikia kwa heshima, "Waitu, sawa." Na kweli hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipokufa naye, miaka michache baadaye.

Niliirudishia mota blanketi lake na kuifunga. Mama mkwe alinipa kanga, akaniambia nijifunge twende kwa jirani. Tulipofika uzioni nilisikia kinu kikitwanga nyumba ya chini, watu ambao kilio hakikuwafikia kwa ajili ya upepo. Waliokuwa wakiingia msibani walinitazama mimi, mwenye mashine, maana aliyezoea kwenda kuarifu ndiye aliyekuwa akililiwa. Nikamwambia mama mkwe atangulie. Nikashuka mpaka kwao, nikashika nguzo ya uzio wao, nikangoja yule mwanamke amalize alichokuwa amekianza, kisha nikamwambia aache, kuna msiba.